Kanzidata ya Kamusi na Websoketi: Suala la Wakati wa Kutoa Taarifa

1.0 Utangulizi

Kazi ya kutunga kamusi siku hizi hufanywa kwa kutumia kanzidata. Wahariri kadhaa huweza kuhariri vitomeo kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwenye kompyuta yake, na kila mmoja huhitaji kujua mara moja mwenzake anapobadilisha kitomeo. Kutokana na haja hiyo huzuka swali ambalo makala hii inakusudia kulijibu: je, utaratibu uliohifadhiwa ndani ya kanzidata unaweza, na unapaswa, kuunganishwa moja kwa moja na seva ya websoketi ili kuwapasha wahariri habari? Hoja yetu ni kwamba jambo hilo linawezekana lakini halifai, na kwamba sababu kubwa ya kutofaa kwake ni ya kimaana. Mifano yetu inatokana na mfumo wa PostgreSQL.

2.0 Dhana za Msingi

Utaratibu uliohifadhiwa ni mfululizo wa amri uliopewa jina na kuwekwa ndani ya kanzidata yenyewe, ili uitwe na kutekelezwa humo humo. Kwa kawaida hutekelezwa ndani ya muamala. Muamala ni fungu la mabadiliko ambayo ama huthibitishwa yote kwa pamoja, au hubatilishwa yote kana kwamba hayakutokea.

Websoketi ni itifaki ya mawasiliano iliyowekwa rasmi Desemba 2011 katika waraka uitwao RFC 6455. Mazungumzo huanza kwa ombi la kawaida la HTTP ambamo mteja huomba kubadilisha namna ya kuwasiliana. Seva ikikubali hujibu kwa namba 101. Tangu hapo njia hubaki wazi, na kila upande huweza kusema bila kuulizwa. Ni katika jambo hili ambapo websoketi hutofautiana na HTTP ya kawaida, ambamo seva hujibu tu inapoulizwa.

3.0 Njia ya Moja kwa Moja na Kasoro Zake

PL/pgSQL, lugha ya kawaida ya kuandikia taratibu katika PostgreSQL, haina amri ya kufungua mawasiliano ya websoketi. Anayetaka kufanya hivyo hulazimika kutumia lugha nyingine, kwa mfano plpython3u. Herufi u mwishoni mwa jina hilo huashiria kwamba lugha hiyo haikuwekewa mipaka ya usalama: programu iliyoandikwa kwayo inaweza kufanya lolote ambalo seva ya kanzidata inaruhusiwa kulifanya katika kompyuta. Ndiyo maana ni msimamizi mkuu tu anayeweza kuunda utaratibu kwa lugha hiyo. Hii ni kasoro ya kwanza.

Kasoro ya pili ni ya kusubiri. Muamala unaobadilisha kitomeo hukifunga, ili mwingine asikibadilishe kwa wakati huo huo. Iwapo utaratibu utasimama kungojea seva iliyo mbali ijibu, kufuli nalo litabaki, na mhariri mwingine anayetaka kubadilisha kitomeo hicho atangoja pia.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa zaidi. Tuangalie sentensi hizi:

(a) Kitomeo 4127 kinabadilishwa.
(b) Kitomeo 4127 kimebadilishwa.

Kiambishi -me- katika (b) huonyesha tendo lililokamilika na ambalo matokeo yake yapo. Utaratibu unaotuma ujumbe kabla muamala haujathibitishwa hutamka (b) ilhali hali halisi bado ni (a). Mhariri atakayekimbilia kukisoma kitomeo hicho papo hapo atakuta maandishi ya zamani. Aidha, muamala ukishindwa, kanzidata itarejea katika hali yake ya awali, lakini ujumbe uliokwisha kuwafikia wahariri hauwezi kurudishwa: maji yakimwagika hayazoleki. Atakayeuamini ataweza kurekebisha vitomeo vingine kwa kufuata fasili ambayo haimo ndani ya kamusi.

4.0 Njia ya Kupitia Mjumbe

Njia inayofaa ni kuutenganisha utoaji wa taarifa na upelekaji wake. Ndani ya utaratibu huandikwa amri moja tu:

PERFORM pg_notify('kamusi', '4127');

PostgreSQL huushikilia ujumbe huu mpaka muamala uthibitishwe. Muamala ukibatilishwa, ujumbe nao hutupwa. Nje ya kanzidata huwekwa programu ndogo, ambayo tutaiita mjumbe. Mjumbe hutoa amri LISTEN kamusi, kisha husikiliza. Apatapo taarifa hukisoma kitomeo kinachohusika na kuwapelekea wahariri habari zake kwa websoketi. Kwa njia hii -me- hutamkwa pale tu tendo linapokuwa limekwisha.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, katika mpangilio wa kawaida wa PostgreSQL, ujumbe wa aina hii sharti uwe chini ya baiti 8000. Kwa hiyo inafaa kutuma namba ya kitomeo badala ya kitomeo kizima. Pili, taarifa hizi haziwekwi akiba kwa ajili ya asiyesikiliza. Mjumbe aliyezimika kwa dakika tano hatazipata zilizopita. Dawa yake ni kuwa na jedwali la taarifa, ambalo utaratibu huandika ndani yake katika muamala ule ule unaobadilisha kitomeo. Mjumbe akiamka husoma kwanza taarifa zote ambazo hazijawekewa alama ya kupelekwa. Kwa kuwa anaweza kuzimika baada ya kupeleka na kabla ya kuweka alama, taarifa moja huenda ikafika mara mbili. Basi kila taarifa ipewe namba yake, na mpokeaji aipuuze ile aliyokwisha kuipokea.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kuunganisha utaratibu uliohifadhiwa na websoketi moja kwa moja huhatarisha usalama, huchelewesha kazi, na huweza kueneza habari za jambo ambalo halikutokea. Katika utungaji wa kamusi, ambamo kila mhariri hujenga juu ya kazi ya mwenzake, hatari hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Kanzidata na ithibitishe kwanza. Mjumbe atangaze baadaye.