Elimu ni Akiba, na Akiba Haiozi

Kila mwaka huulizwa swali lile lile na wazazi, na hata na wahadhiri wenzangu wa vitivo vingine: kuna faida gani kuchunguza viambishi vya lahaja inayosemwa na wazee wachache? Swali hilo halistahili kupuuzwa, kwani mara nyingi anayeliuliza ndiye anayelipa karo. Leo naomba kulijibu kwa kisa cha mtu ambaye hakuwa mwanaisimu kamwe.

Alexey Troitzky alizaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka 1866. Alisomea taaluma ya misitu, kisha akapelekwa kuhudumu katika jimbo la Smolensk, mbali na vilabu vya sataranji vya mji mkuu. Huko msituni alishughulika na kazi isiyomletea mshahara: kutunga mafumbo ya sataranji.

Katika fumbo la aina hii, mtungaji hupanga kete chache ubaoni, kana kwamba mchezo unakaribia kwisha. Kisha humtaka msomaji aonyeshe jinsi upande mweupe utakavyoshinda, au utakavyojiokoa kwa sare. Sharti ni kwamba njia iwe moja tu; ikigunduliwa ya pili, fumbo limeharibika. Mwaka 1924 mafumbo yake 500 yalichapishwa katika kitabu mjini Berlin, na hadi leo wengi humhesabu kuwa mwasisi wa sanaa hii katika sura yake ya kisasa.

Lakini kazi yake iliyo ngumu zaidi ilihusu farasi wawili. Kila mchezaji hufundishwa kuwa mfalme na farasi wawili hawawezi kumlazimisha mfalme aliye peke yake ashindwe. Wakimbana pembeni, hukosa pa kwenda kabla ya kutishiwa, na mchezo huwa sare. Troitzky aliuliza: je, mfalme huyo akiwa na askari mmoja wa miguu? Jibu ni kinyume cha matarajio. Askari huyo ndiye humponza bwana wake. Farasi mmoja humzuia askari, huku mwenzake na mfalme wao wakimsukuma adui hadi pembeni. Kisha farasi mzuiaji huondoka. Kwa kuwa askari sasa ana hatua ya kupiga, hakuna sare, na pigo la mwisho hutua. Troitzky alichora hata mpaka ubaoni: askari akizuiwa kabla ya kuuvuka, ushindi ni wa hakika. Mpaka huo huitwa kwa jina lake.

Wakosoaji wana hoja. Hali hiyo hutokea kwa nadra sana. Isitoshe, kanuni huruhusu kudai sare baada ya hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogea, ilhali baadhi ya ushindi huu huhitaji hatua 115. Kwa mizani ya soko, basi, mtu huyu alipoteza wakati.

Hata hivyo, miongo mingi baadaye kompyuta zilipohesabu kila hali inayowezekana, zilikuta uchambuzi wa bwana misitu yule, aliyetumia ubao na akili tu, ni sahihi kwa kiwango cha kustaajabisha. Yeye hakuwapo kuyaona hayo. Alifariki kwa njaa mwaka 1942, Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, na maandishi aliyokuwa nayo yakaangamia. Kilichosalia ni kile kilichokuwa kimekwisha kupigwa chapa.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Mzee anayesema Kivumba au Kitikuu hatatungoja hadi soko litambue thamani ya maneno yake. Tusipoyaandika na kuyachapisha leo, hakuna kompyuta itakayoyahesabu kesho. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini sharti kwanza iwekwe.