Clove, Clou, Karafuu: Neno la Kila Siku la Kiingereza katika Tafsiri ya Kifaransa

Neno la Kiingereza *clove* ni la jikoni na la sokoni, na kwa sababu hiyo wanafunzi wa tafsiri hulidharau. Anayelipeleka katika Kifaransa hukutana na leksimu zisizopungua nne: *clou de girofle*, yaani kiungo chenyewe, *giroflier*, mti wake, *gousse*, punje ya kitunguu saumu, na *nœud de cabestan*, fundo la mabaharia ambalo Kiingereza hulitaja kwa neno hilohilo likifuatwa na *hitch*. Makala hii inadai kwamba mfasiri anayezungumza Kiswahili ataifikia leksimu sahihi kwa urahisi zaidi akianzia katika upatanisho wa kisarufi wa lugha yake kuliko akipitia Kiingereza.

Kwanza, tusiliite jambo hili polisemia. *Clove* ya kiungo imetokana na Kifaransa cha kale, *clou de girofle*, ‘msumari wa karafuu’. Waingereza wakauchukua msumari na kuiacha karafuu. *Clove* ya kitunguu saumu ni neno la Kiingereza cha kale, lenye nasaba moja na kitenzi cha kupasua, *cleave*. Maneno mawili yamekutana katika umbo moja. Hiyo ni homonimia. Kifaransa hakikuwahi kuyachanganya, wala Kiswahili. Karafuu yetu imetoka katika Kiarabu, *qaranful*. Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo: mkarafuu wenyewe ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Maskarene, ambako Wafaransa walikuwa wameuotesha tangu Pierre Poivre alipoagiza miche ya Maluku mwaka 1770, lakini haukuja na jina la Kifaransa. Kiungo kilitangulia mti, na jina lilitangulia pamoja nacho. Kimalagasi, kwa upande wake, kilipokea *jirofo*.

Kosa linalojulikana zaidi ni la mapishi. Matini zilizotafsiriwa kwa mashine kutoka Kiingereza huagiza ‘karafuu tatu za kitunguu saumu’. Msomaji wa Mgogoni, kaskazini mwa Pemba, atacheka na kumenya punje tatu. Ila asiyejua atatia karafuu tatu chunguni, na mchuzi utamwambia.

Kosa lenye uzito zaidi halichekeshi, kwa kuwa halionekani. Kifaransa hutofautisha karafuu inayohesabika na karafuu kama zao. Anayetia mbili katika pilau hutia *deux clous de girofle*. Anayezungumzia bei au mavuno husema *le prix du girofle*, *la récolte du girofle*, bila msumari. Kiingereza hakimsaidii mfasiri hapa, maana *cloves* ya wingi hutumika kotekote. Mwanafunzi aliyejifunza Kifaransa kwa njia ya Kiingereza, kama wengi wetu, huandika *le prix des clous de girofle*, jambo linaloeleweka ingawa si lugha ya biashara. Akifupisha na kuandika *le prix des clous*, ametangaza bei ya misumari.

Sasa tutazame sentensi mbili ambazo mkaazi wa Mgogoni anaweza kuzitamka siku moja ya msimu: ‘Karafuu imepanda bei’ na ‘Karafuu zimekauka, zitoeni juani’. Nomino ni ileile, haina kiambishi cha kuonyesha umoja wala wingi. Kitenzi ndicho kinachosema. Kiambishi *i-* katika sentensi ya kwanza hakirejelei karafuu moja. Kinarejelea zao zima, na tafsiri yake ni *le girofle*. Kiambishi *zi-* katika ya pili kinarejelea zile punje zilizotandazwa jamvini, na tafsiri ni *les clous de girofle*. Kazi ambayo Kifaransa kinampa msumari, Kiswahili kinaipa ngeli. Kigezo hiki si kamili: ‘karafuu zimepanda bei’ nayo husemwa, na hapo *zi-* inachukua maana zote mbili, hivyo muktadha lazima uulizwe. Lakini *i-* ikitokea pasipo kutajwa punje moja mahususi, mfasiri hana haja ya kusita. ‘Tutalipana wakati wa karafuu’ haina upatanisho wa kutuongoza, ila wakati huo ni wa mavuno, si wa punje: *à la récolte du girofle*.

Mti hautusumbui, kwani *m-/mi-* na *-ier* zinafanya kazi inayokaribiana: mkarafuu ni *giroflier*, mikarafuu ni *girofliers*.

Yabaki makonyo. Baada ya kuchumwa, karafuu huchambuliwa, yaani hutenganishwa na vikonyo vyake, na makonyo hukaushwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta kutokana nayo. Kiingereza huongeza neno la kikonyo mbele ya *clove* na kuendelea. Kifaransa kina jina mahususi, *griffes de girofle*, ‘makucha ya karafuu’, na anayewahi kuona shada lililokwisha kuchambuliwa, vidole vyake vitupu vimepinda, haulizi kucha imetoka wapi. Ankara ya makonyo iliyotafsiriwa kwa *clous* imebadilisha bidhaa, na mnunuzi aliyelipia msumari ana haki ya kukataa makucha.