Mtaalamu wa Uchumi wa Benki Kuu na Mpaka wa Horohoro

Yapata kilomita 65 kaskazini ya mji wa Tanga, barabara iendayo Mombasa hufika Horohoro, katika Wilaya ya Mkinga. Ng'ambo ni Lunga Lunga, nchini Kenya. Wadigo wanaishi pande zote mbili, na hata jina la fedha ni moja: shilingi. Hata hivyo, shilingi ya upande mmoja hailingani thamani na ya upande wa pili. Kuchunguza sababu za tofauti kama hiyo ni sehemu ya kazi ya mtaalamu wa uchumi wa Benki Kuu.

Shilingi moja yawa mbili

Tangu miaka ya 1920 nchi hizi zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, Gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Mwanzoni shilingi mpya zilikuwa na thamani sawa. Lakini thamani ya fedha hutegemea mambo mawili makubwa: wingi wake ukilinganishwa na bidhaa zilizopo, na uwezo wa nchi kupata fedha za kigeni. Nchi zilipotofautiana katika mambo hayo, shilingi nazo zikaachana.

Utafiti wa Profesa Ndulu

Miongoni mwa waliochunguza jambo hili ni Profesa Benno Ndulu (1950–2021). Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akafundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika miaka ya 1990 akaongoza jumuiya ya utafiti wa uchumi wa Afrika yenye makao Nairobi. Baada ya kufanya kazi Benki ya Dunia, alikuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018.

Utafiti wake wa awali ulihusu uhaba wa fedha za kigeni. Tuchukue mfano wa mkonge wa Tanga. Bei yake iporomokapo, nchi hukosa fedha za kununulia vipuri na mafuta. Viwanda huzalisha chini ya uwezo wake. Sabuni na nguo huadimika. Mkulima asiyeona cha kununua hana hamu ya kulima zaidi, na mauzo ya nje huzidi kupungua. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Thamani ya dola katika magendo ilikuwa mara kadhaa ya ile rasmi. Kwa hiyo aliyevusha mazao kwa njia za panya alipata bidhaa, ila taifa lilikosa fedha za kigeni. Polisi peke yao wasingeweza kuziba pengo hilo. Tangu 1986 serikali ililipunguza kwa kurekebisha thamani ya shilingi.

Baadaye Ndulu alichunguza hasara itokanayo na Afrika kugawanyika katika nchi nyingi ndogo. Kila mpaka huongeza gharama: lori husubiri, nyaraka hurudiwa, fedha hubadilishwa. Gharama hizo humwangukia mnunuzi. Mpaka ulipofungwa kati ya 1977 na 1983, biashara halali iliporomoka.

Kutoka utafiti hadi utendaji

Akiwa Gavana, Ndulu alikabili mfumuko wa bei uliokaribia asilimia 20 mwishoni mwa 2011. Benki Kuu ilibana ujazo wa fedha, na kufikia 2013 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10.

Leo Horohoro na Lunga Lunga zina utaratibu wa huduma za pamoja, ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Itifaki ya umoja wa fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini mwaka 2013. Lengo la 2024 halikutimia, nalo likasogezwa hadi 2031. Kuchapa noti moja si kazi ngumu. Kazi ni kuoanisha kwanza mfumuko wa bei, madeni na akiba za nchi zote. La sivyo, matatizo ya nchi moja yatalipwa na mnunuzi wa nchi nyingine.