Ufalme Uliofichwa na Mapenzi Yaliyokatazwa: Kutoka Ngano hadi Riwaya ya Kisayansi

Miongoni mwa visa vinavyopendwa katika riwaya za kisayansi ni kile cha mtu wa ukoo wa kifalme ambaye cheo chake kimefichika, naye akapendana na mtu asiyeruhusiwa kumpenda. Kisa kilicho jirani na hicho ni A Princess of Mars cha Edgar Rice Burroughs, kilichoanza kutolewa kwa mfululizo mwaka 1912, ambapo askari wa Kimarekani anafika katika sayari ya Mirihi na kumpenda binti mfalme wa huko. Makala haya yanachunguza iwapo kisa cha namna hiyo ni mgeni katika fasihi ya Kiswahili, au ni mwenyeji aliyebadili mavazi.

Ngano za mwambao zinatoa jibu la kwanza. Katika hadithi ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, masikini anayechakura jaani ananunua paa, na paa huyo anamposea binti wa sultani kwa kudai kwamba bwana wake ni Sultani Darai. Hapa kinachofichwa ni ufukara, na ufalme ni vazi la kuazima. Masikini anapomdharau paa aliyemtendea hisani, anajikuta tena jaani. Kwa hiyo ngano hii haiulizi mtu amezaliwa na nani, bali inauliza ametenda nini. Lugha yenyewe inabeba mvutano huo: neno mwungwana lilimaanisha mtu asiye mtumwa, na papo hapo likamaanisha mtu mwenye adabu, lakini methali inakata shauri kwamba uungwana ni vitendo.

Historia nayo ina mfano wake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Alipendana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, akashika mimba, na mwezi wa Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa tarehe 30 Mei 1867, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, naye akabaki Ujerumani na watoto wadogo. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, na alifariki Jena mwaka 1924. Katika ngano pazia hufunuliwa na cheo hurudi. Salme alidai urithi wake bila ya kufanikiwa. Marufuku katika kisa chake haikuwa mbinu ya msimulizi. Ilikuwa nguvu ya dini, ukoo na dola kwa pamoja.

Jibu la tatu limetoka Nairobi. Mwaka 1995 shirika la East African Educational Publishers, lililokuwa wakati huo na ofisi zake Westlands, lilichapisha Walenisi ya Katama Mkangi, mwandishi aliyewahi kutiwa kizuizini mwaka 1986. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani ili aangamie, lakini anafanikiwa kukiongoza na kufika katika jamii ya watu walio sawa. Msomaji aliyezoea visa vya kifalme angetazamia shujaa huyo afunuliwe kuwa mrithi wa kiti fulani. Jina la riwaya linafunga mlango huo, kwani likitamkwa polepole husema: wale ni sisi. Siri inayofichuliwa ni ya umma mzima.

Kutokana na mifano hii mitatu inadhihirika kwamba kisa chenyewe si kigeni. Kinachotofautiana ni mahali thamani ya mtu inapowekwa. Penzi hukatazwa pale ambapo watu wamepangwa kwa ngazi, na kumfunua mpenzi fukara kuwa mfalme huondoa kikwazo cha mtu mmoja huku ngazi zikibaki zimesimama. Mwandishi wa Kiswahili anayewatuma wapenzi wake kwenye sayari nyingine hana budi kuamua kama ngazi hizo zitapakiwa pamoja nao chomboni, au zitaachwa duniani.