Je, Wajua? Sheria ya Kodi Iko Ndani ya LUKU

Mwenye nyumba nchini Tanzania akinunua umeme wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hulipa papo hapo na kodi ya jengo. Hakuna karani anayebisha hodi. Programu ya kompyuta ndiyo inayotekeleza sheria.

• Utaratibu huu ulianza Agosti 20, 2021. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi.

• Mwaka 2023 Bunge lilipandisha kodi hiyo kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka. Mfumo ukaanza kukata 1,500 kwa mwezi. Hakuna mita iliyong'olewa ukutani.

• Usiponunua umeme miezi mitatu, deni halifutiki. Mfumo hulijumlisha na kulikata siku utakaponunua.

• Wazo la sheria kuwa programu si jipya. Nchini Uingereza, watafiti wa Imperial College, London, waliigeuza sehemu kubwa ya Sheria ya Uraia ya 1981 kuwa programu ya kompyuta. Kazi yao ilichapishwa 1986. Kompyuta iliweza kueleza nani ni raia, na kwa kifungu kipi.

Una mita mbili kwenye nyumba moja ya kawaida? Kodi hudaiwa kwenye mita moja tu. Ukikatwa mara mbili, omba urekebishiwe.