Kijana wa Kanja, kabla ya kurusha ngumi jifunze kuangusha mtu

Sema ukweli. Ni Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, ukungu wa Mlima Kenya bado umelala juu ya majani chai, na mama amekuita mara ya tatu ukaoge muende kanisani. Wewe umejifunika blanketi hadi kichwani, simu mkononi, bando linakaribia kuisha, unatazama wanaume wawili wakichapana ndani ya kizimba kule Marekani. Huko kwao ni Jumamosi usiku. Huku kwetu ni saa ya kutafuta soksi.

Basi leo tuongee kuhusu hicho unachokitazama. Najua mmoja wenu, pale Kanja au Runyenjes au Kianjokoma, ameshaanza kujipimia. Una kifua, una mabega ya kubeba magunia ya majani chai hadi kituo cha kununulia, na ulipokuwa shule ya msingi hakuna aliyekuangusha nyasini. Unajiuliza, kwani yule ana nini ambacho mimi sina?

Swali zuri. Tumchukue Kamaru Usman.

Asubuhi ya Jumapili, Machi 3, 2019 kwa saa zetu, Usman alimpiga Tyron Woodley pale Las Vegas kwa raundi zote tano na kuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kushika mkanda wa UFC. Kabla ya mwaka kuisha Israel Adesanya naye akawa na wake, na mwaka wa 2021 Francis Ngannou wa Cameroon, aliyechimba mchanga tangu utotoni, akaongeza wa tatu. Wengi wanampenda Ngannou kwa ile ngumi yake, au Adesanya kwa mbwembwe. Mimi nakuomba umtazame Usman, ambaye mashabiki wengi walikuwa wakimwita mchoshi. Huyo mchoshi ndiye mwenye somo kwako, maana hakuanza na ngumi hata kidogo. Alianza na mieleka.

Nikisema mieleka usifikirie ile ya televisheni, ya watu kurukiana kutoka juu ya kamba na kupigana na viti. Ile ni maigizo, na yanalipa vizuri, lakini tuiache. Naongea kuhusu mieleka ya mkekani: watu wawili wa uzani mmoja, hakuna ngumi, hakuna teke, kazi ni kumwangusha mwenzako na kumgandamiza mabega hadi yaguse chini.

Usman alizaliwa Mei 11, 1987 huko Auchi, Nigeria. Akiwa na miaka minane hivi familia ilihamia Texas kumfuata baba. Alipoingia timu ya mieleka ya shule ya upili kule Arlington, kocha alishindwa kulitamka jina Kamarudeen, akamwita Marty. Likakwama. Alikuwa Marty shuleni, Marty chuoni, na hata alipoanza kupigana kwa pesa wapo waliomwita hivyo. Kama wewe pia una jina la nyumbani ambalo mwalimu fulani alilipotosha na darasa zima likafuata, unajua inavyouma kidogo na inavyozoeleka.

Kutoka hapo alikwenda chuo kidogo huko Iowa, William Penn, kwa mwaka mmoja, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Nebraska, bewa la Kearney. Usidhani ni chuo cha majina makubwa. Kinashindana katika daraja la pili la michezo ya vyuo vya Marekani, mbali na kamera. Lakini mkekani ni moto. Mwaka wa 2008 timu yao ilitwaa ubingwa wa daraja hilo kwa mara ya kwanza, Usman akiwemo. Mwaka wa 2010 yeye mwenyewe akawa bingwa katika uzani wa ratili 174, karibu kilo 79. Msimu huo alishinda mara 44 na kupoteza mara moja tu.

Hapa ndipo ningependa usimame kidogo. Mechi ya mieleka ya chuo huchukua dakika saba: tatu, mbili, mbili. Inaonekana fupi hadi uijaribu. Mtu wa kilo zako anakuegemea shingoni, anakuvuta kichwa chini, anakuchota mguu, unarusha miguu nyuma ili usianguke, unainuka, anaanza tena. Mapafu yanawaka moto. Na zile mechi arobaini na tano za msimu ni sehemu ndogo tu. Kila siku kuna mazoezi, na baada ya mazoezi kuna darasa, na usiku kuna mizani, maana ukizidi uzani hupigani. Miaka mingi ya hivyo, bila mshahara. Anachopata mwanafunzi ni msaada wa karo, na katika daraja la pili mara nyingi si karo yote.

Mwaka ule ule wa 2010, mambo ya nyumbani yalikuwa yamebomoka. Baba yake, aliyekuwa na kampuni ya ambulensi, alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa ulaghai wa malipo ya bima ya afya. Hakutoka gerezani hadi 2021. Yaani kipindi chote mwanawe anapanda hadi kileleni, mzee alikuwa ndani.

Lengo la Usman halikuwa kizimba. Alitaka Olimpiki ya London 2012 katika mieleka. Akaenda kuishi na kufanya mazoezi katika kituo cha Olimpiki cha Marekani, lakini mwili ukakataa, majeraha yakamwandama. Ndoto ikafa. Mwishoni mwa 2012 akapigana pambano lake la kwanza la MMA la kulipwa, akashinda.

La pili akapigwa ngeta.

Ndiyo, ngeta hii hii unayoijua, ya mkono kuzunguka koo kutoka nyuma. Mei 2013, raundi ya kwanza, Jose Caceres alimkaba hadi akasalimu amri. Bingwa wa chuo, aliyemwangusha kila mtu Nebraska, hakujua bado kwamba katika mchezo huu mpya kumpa mtu mgongo ni kumpa shingo. Mkekani kulala kifudifudi ni kinga. Kizimbani ni kujichimbia kaburi. Hayo aliyajifunza kwa koo lake, na baada ya siku hiyo hakupoteza tena kwa zaidi ya miaka tisa.

Sasa kwa nini mwanamieleka hufanya vizuri katika mapigano haya mseto kuliko mtu wa ngumi tupu? Sababu ni rahisi. Yeye ndiye anayechagua pambano lifanyike wapi. Kama wewe ni hatari ukisimama, atakulaza. Kama wewe ni hatari chini, atakataa kwenda chini. Bondia mzuri asiyejua kujizuia kuangushwa ni kama mwenye pikipiki nzuri kwenye matope ya Aprili ya kwetu: mashine ipo, lakini haiendi. Woodley naye alikuwa mwanamieleka wa chuo, tena wa daraja la kwanza, na usiku ule alibanwa ukutani na kulazwa na mtu wa daraja la pili hadi ukamhurumia.

Halafu Usman akafanya jambo ambalo wengi wakishafika hapo hawalifanyi. Akiwa tayari bingwa, mwaka wa 2020 alibadilisha kocha, akaenda Colorado kwa Trevor Wittman kujifunza ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, ile ambayo mtoto wa ndondi hufunzwa wiki ya kwanza. Februari 2021 aliitumia kumvunja Gilbert Burns, aliyekuwa mwenzake wa mazoezi. Aprili, kule Jacksonville, akamlaza Jorge Masvidal kwa konde moja la kulia katika raundi ya pili. Yule mchoshi!

Ukifika hapa unaweza kutaka kufunga mabegi. Ngoja kwanza.

Agosti 20, 2022, mjini Salt Lake City, Usman alikuwa akiongoza kwa pointi dhidi ya Leon Edwards. Zilibaki sekunde 56 pambano liishe. Sekunde 56! Edwards akapiga teke la kichwa, Usman akaanguka macho wazi, na mkanda ukaenda Uingereza. Katika raundi ya kwanza ya pambano hilo hilo Edwards alikuwa ameshamwangusha, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia Usman ndani ya UFC. Walirudiana London mwaka uliofuata, akapoteza tena.

Na huyo ni mmoja aliyebaki na afya ya kurudi. Sisi Wakenya tuna kisa chetu, na vijana wengi siku hizi hawakijui. Robert Wangila alishinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul 1988, uzani wa welter. Mpaka leo ni Mkenya pekee aliyewahi kufanya hivyo. Akaingia ndondi za kulipwa, akahamia Marekani. Julai 1994, mjini Las Vegas, pambano lake lilisimamishwa katika raundi ya tisa, akapoteza fahamu baadaye, na siku mbili baadaye akafa. Alikuwa na miaka 26. Las Vegas hiyo hiyo ambako Usman alivishwa mkanda.

Sikuambii hivi ili uogope. Nakuambia kwa sababu kuna mtu atakukuta sokoni, aone mabega yako, akuambie atakutafutia pambano Nairobi mwezi ujao na elfu kadhaa mkononi, bila daktari kando ya ulingo na bila kukuuliza umefanya mazoezi wapi. Mkatalie. Kupigana kabla hujajua kujikinga si ujasiri, ni kumfanyia mtu mwingine biashara kwa kichwa chako.

Kuhusu pesa pia tuelewane. Mpiganaji halipwi kwa mwezi. Analipwa akipigana, na mara nyingi anayeanza huwa na kiasi cha kupanda kizimbani na kingine kama hicho akishinda. Ukipoteza, nusu imeenda. Katika kilichobaki kuna kocha, meneja, ushuru, nauli. Ukivunjika mkono miezi sita, ni miezi sita ya kuomba chakula kwa mama.

Kenya hatuna ule mfumo wa mieleka ya vyuo uliomlea Usman, na sitakudanganya kwamba unakuja kesho. Lakini ukipata nafasi Chuo Kikuu cha Embu, Chuka au kwingineko, uliza mapema kuhusu klabu za judo, taekwondo na karate. Kama ni kuchagua moja tu, mimi ningekuambia judo, maana ndiyo inayokufunza kumshika mtu, kumrusha, na zaidi ya yote kuanguka bila kuvunjika. Mimi nilijaribu jioni moja tu. Msichana mwembamba, nusu yangu kwa kilo, alinirusha mara nne, na mara ya tano nikasingizia simu inaita.

Na karo ukiipata ya masomo, shika masomo. Usman alitumia chuo kujenga mwili na kichwa kwa pamoja, miaka kabla ya kulipwa senti ya kwanza.

Jumapili, Juni 15, 2025, saa zetu za asubuhi, alirudi kizimbani kule Atlanta. Alikuwa na miaka 38. Hakuwa ameshinda tangu Novemba 2021, magoti yake yamechakaa na kila mtu anajua, na mbele yake alisimama Joaquin Buckley, kijana wa miaka 31 mwenye ngumi za radi. Watu walikuja kumzika. Kengele ikalia, Usman akainama, akamshika miguu, akamlaza. Raundi iliyofuata akamlaza tena. Majaji wote watatu wakampa ushindi, kwa kitu kile kile alichojifunza mkekani akiitwa Marty.