Msamiati wa Bustani: Tukitunza Haidranjia

Msamiati wa kilimo tumezoea kuufundisha kwa mahindi na maharage. Safari hii nimechagua haidranjia, ua lenye asili ya Japani linalopenda ubaridi na kivuli cha mchana. Nimelichagua kwa sababu halisamehe neno lililotumiwa ovyo, na wahitimu wetu hapa Rwanda huenda wakaombwa kutafsiri maelekezo ya bustani.

Kwanza jina. Aliyesoma kwa Kifaransa atasema hotensia, aliyesoma kwa Kiingereza atasema haidranjia. Napendekeza tushike la pili, maana liko karibu na jina la kisayansi. Kwa mfano wa mwaridi na waridi tungeweza kuunda mhaidranjia, lakini ulimi unakataa. Tuseme mmea wa haidranjia umestawi, ua la haidranjia limechanua.

Mmea huu huoteshwa zaidi kwa kipande cha tawi, yaani kipandikizi. Wakulima wengine husema pingili, kama ya muhogo. Hapa kuna mtego. Kitenzi kupandikiza kinabeba mengi: mkulima hupandikiza miche ya mpunga, daktari hupandikiza figo. Ili msomaji asibabaike, andika kuchomeka kipandikizi, na mche ukishatoa mizizi, andika kuuhamisha. Kipandikizi kizuri hutoka kwenye tawi lisilo na ua, urefu wa sentimita 10 hadi 15, likatwe chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapoota.

Matandazo ni nyasi au majani makavu yanayofunika udongo ili usipoteze unyevu. Mwanafunzi wa Kinyarwanda asitafute mbali: kwao ni gusasira, kutokana na gusasa, kutandika kitanda. Kiswahili nacho kina kutandika na kutandaza, ndugu wa mzizi mmoja.

Wengi huandika "mwaga maji kwenye ua". Kumwaga ni kutupa, mmea tunaumwagilia. Tena tutenganishe kunyauka na kukauka. Majani ya haidranjia hunyauka juani saa saba mchana hata kama udongo una maji, na jioni husimama tena. Ukimwambia mtunza bustani kwamba ua limekauka, ataongeza maji hadi mizizi ioze.

Kosa la gharama zaidi liko kwenye kukata. Kukata ni tendo lolote la kisu au mkasi, kufyeka ni kwa nyasi na vichaka, kupogoa ni kupunguza matawi kwa faida ya mmea wenyewe. Tumba ni ua ambalo halijachanua; chipukizi ni tawi au jani changa. Haidranjia ya majani mapana, inayopandwa zaidi, huandaa matumba kwenye matawi ya msimu uliopita. Mfasiri akiandika "kata matawi ya zamani", mtunza bustani ataondoa matumba yote na msimu mzima atatazama majani matupu. Aandike hivi: pogoa mara maua yanaponyauka, juu kidogo ya jozi ya kwanza ya matumba yaliyonona, matawi yaliyokufa yaondoe shinani.

Rangi nayo ina msamiati wake. Udongo wenye tindikali, wa pH chini ya 5.5 hivi, huuwezesha mmea kufyonza alumini, na maua huwa ya buluu. Ukitia chokaa, tindikali hupungua na maua huelekea waridi. Meupe hayafuati kanuni hii. Na kile tunachokiita petali kwenye shada lile kubwa, kwa kweli ni sepali.

Kwa darasa: wanafunzi waandike maelekezo ya sentensi sita kwa mtu ambaye hajawahi kuiona haidranjia, wakitumia kuchomeka, kuhamisha, kutandaza, kumwagilia, kupogoa na tumba. Kisha wabadilishane karatasi, kila mmoja aeleze kwa vitendo alichoelewa.